Ndugu Yangu Ananiita Patron

Lubumbashi, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Pole sana na ugonjwa. Unalala? Uji unapita? Usinifiche kwa sababu niko mbali. Sisi huku ni wazima, wajukuu wanakusalimu, ila moyo wangu ni mzito na sina mwingine wa kumwambia.

Ni habari ya Kambale, kitinda mimba wako. Unajua tangu nimlete huku Kasungami tunafanya kazi pamoja kwenye depo yangu ya unga. Hakuwa na mshahara wala saa za kazi. Alikula kwangu, nikamlipia nyumba, nikamtolea mahari, na nilimwahidi siku moja kumfungulia depo yake mwenyewe, kama mjomba alivyonifanyia mimi. Kwetu ndivyo mdogo anavyolelewa katika biashara.

Basi akaja mkaguzi wa kazi, mtu mpole, hata soda yetu alikunywa. Akasema kila anayefanya kazi hapa, hata ndugu, lazima awe na mkataba, mshahara wa kila mwezi na likizo, aandikishwe kwenye mfuko wa pensheni, na akiugua yeye, mke au watoto, mwajiri alipie matibabu. Mama, mimi nilifurahi! Kumbe sheria yenyewe inataka nimtunze Kambale. Nikaandaa mikataba ya wote, nikampa yeye wa kwanza, mbele ya wabeba mizigo, nikidhani ni heshima.

Akausoma polepole. "Yaya, kaka yangu, kumbe niko mutu ya kazi?"

"Hapana, ni sheria tu. Bantu bote banasinya."

"Bantu bote," akasema, akatia sahihi kama watu wengine wote.

Tangu hapo anafika kwa saa ya mkataba na kuondoka kwa saa ya mkataba. Mchana anakula nje na wabeba mizigo. Jumapili tunamwekea sahani, inabaki vilevile. Nilimwambia ahadi ya depo yake iko palepale. Akanijibu kwamba haimo katika mkataba.

Mtoto wake alipopata malaria kali, zahanati ilimtibu kwa jina la depo, na akapona, Mungu asifiwe. Nikategemea atakuja nyumbani tufurahi pamoja. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni. "Aksanti, patron," akasema, kama wabeba mizigo wanavyomwita bosi wao. Nilitaka kumzaba kofi, halafu nikataka kulia. Mke wangu anasema nimwache, hasira itapoa. Mimi sioni hasira tena, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Juzi mama mdogo alimpigia simu. Kambale akaja, akabisha hodi, yeye ambaye hakuwahi kubisha kwangu.

"Patron, naomba congé. Mama yangu iko mugonjwa."

Mama yangu, si mama yetu! Ndivyo nilivyojua kwamba unaumwa. Nikampa likizo bila hata kumuuliza unaumwa nini, nikarudi kuhesabu magunia.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Hakuuliza ina nini. Ukimaliza kusomewa, mketishe karibu na kitanda chako, umuulize mimi ni nani wake. Mimi nikimuuliza, atanijibu kwamba ni patron tu. Labda wewe hataweza kukujibu hivyo.

Msalimie mama mdogo anayekupikia, na mjomba, na mchungaji anayekuja kukuombea. Upone, Mama.

Ni mimi Paluku, mwanao wa kwanza, kaka yake Kambale.