Kabla Sijawajibu

Mpale, Korogwe

Mjukuu wangu Gerald,

Mimi mzima. Mbuzi amezaa, mahindi yamenyauka. Edna, binti wa jirani, amenisomea barua yako ya misericordia, yaani huruma. Unasema wazee wa Kirumi waliunganisha maneno mawili, mnyonge na moyo, maana yake moyo wako umwendee mnyonge. Haya, msomi, niambie: mnyonge ni nani, Gregori aliyemuua baba yako, au mimi niliyemzika mwanangu?

Gregori ametoka gerezani, ndugu zake wamemfukuza. Alipiga hodi kwangu, nikampa ugali, akala huku analia. Usinipongeze. Mkono ulitoa, moyo ulibaki palepale.

Jana walikuja vijana wa hapa kitongojini na mapanga. "Bibi, sema neno tu, tummalize."

"Ondokeni na bangi zenu!"

Mmoja akacheka. "Lakini hujakataa, Bibi."

Kweli, sikukataa. Nilitaka kukataa, ulimi ukagoma.

Mwenyekiti wa kitongoji anajifanya hasikii. Vijana watarudi Jumapili kuchukua jibu, na Gregori analala jikoni kwangu, hajui lolote. Acha vitabu huko Handeni, upande gari. Njoo kabla sijawajibu.

Ni mimi, bibi yako, usiyenisalimia mpaka nikuandikie,
Bernadina