Mama, Lile Gazeti Nililokutumia

Mama yangu,

Barua zangu zote za huko nyuma zilianza na "mimi huku sijambo, hofu ni juu yenu." Hii siwezi kuianza hivyo. Huko uliko sina namna ya kukuuliza hali, na mimi nikisema sijambo nitakuwa nimeanza kwa uongo.

Acha nianze na basi. Unalikumbuka lile basi la Iringa kwenda Mbeya, majuma machache kabla sijasafiri? Ulisema mtu havuki bahari bila kuwaaga wajomba zake, tena Wasafwa wenu wa Mbeya wasingekusamehe. Makambako tairi likapasuka, tukalala hapo hapo kwa baridi ile, wewe umeegemea gunia lako la njegere kutoka Kilolo. Mimi nilikuwa na suti niliyoshonewa na fundi wa Mlandege pale Iringa, nimekaa wima kama Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, sitaki kuegemea kitu nisije nikaichafua. Ulinicheka mpaka abiria wakageuka. "Zakaria mwanangu, suti hiyo itafika Marekani imechoka kabla yako!"

Nilikuwa na majivuno, mama, nakiri. Kijana wa kwanza wa Kilolo kupelekwa chuo kikuu ng'ambo, halafu siendi kusomea udaktari wala ualimu, naenda kuchukua digrii ya habari na utangazaji. Bibi, mama yake baba, aliniuliza mbele za watu, "Utarudi kutibu nini?" Nikamwambia nasomea habari. "Habari nazo zinasomewa? Si zinakuja zenyewe?" Watu wakaangua kicheko, nami nikanuna. Ni wewe uliyenitetea. Ulisema nitakuwa nasema kwenye redio, na ninyi mtakaa hapo hapo Kilolo mnanisikia. Hukuijua hata hiyo redio ikoje, ila ulisema kama mtu aliyekwisha kuisikia.

Tulipofika sokoni Mbeya uliliteremsha gunia mbele ya mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi. Mrefu, mweusi, amejifunga kitenge kifuani, anakutazama. Ukaniambia, "Msalimie dada yako." Nikacheka, nikidhani ni dada kama tunavyowaita madada wote. Hukucheka. "Dada yako wa tumbo hili. Wa kwanza ni huyu Sekela, wewe ni wa pili."

Tukaenda nyuma ya vibanda, ukanieleza umesimama, haraka haraka, kana kwamba ukikaa chini hutaweza kumaliza. Ulimzaa Sekela ukiwa msichana, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu Chunya. Baba yake alirudi kwao asionekane tena. Miaka miwili baadaye baba yangu akapita Mbeya na kazi ya barabara, akakupenda, akaja kuposa. Mama yako akakwambia mtoto abaki kwake na mdomo ufungwe, maana Wahehe wale wa upande wa baba walikuwa wanaoa binti asiyezaa. Ukafunga mdomo. Baba alikufa bila kujua. Bibi hakujua, baba mkubwa hakujua, mimi mwenyewe nilikuwa nimeota ndevu na sikujua.

Na yule shangazi yako mgonjwa wa Mbeya! Kila mwaka njegere zikishavunwa ulifunga mzigo, "naenda kumwona shangazi, hali yake si nzuri." Jamani, tulimwombea shangazi huyo tangu sijui kufunga vifungo vya shati. Kumbe shangazi mwenyewe alikuwa Sekela, mzima wa afya, anakungoja kando ya barabara.

"Habari hii imeishia hapa," uliniambia.

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilisema kwa moyo mmoja, na ninataka uamini hivyo.

Sasa nikueleze nilivyofanya, kwa sababu sijawahi kukueleza mwenyewe. Kule chuoni tulifundishwa kwamba habari lazima ijibu: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Tulifundishwa kupanga herufi za chapa kwa mkono, kusema kwenye kipaza sauti bila kukohoa, kumhoji mtu mpaka aseme asichotaka kusema. Hilo la mwisho nililiweza kuliko wenzangu, na nilisifiwa. Mwaka wa pili profesa wetu akatuagiza kila mmoja aandike kisa cha kweli cha mtu anayemfahamu. Wenzangu waliandika juu ya babu zao na majirani zao. Mimi nilikaa mbele ya mashine ya taipu siku mbili sipati kitu, siku ya tatu nikakuandika wewe.

Niliandika yote. Chunya, soko, gunia, mpaka uso wako ulivyokuwa nyuma ya vile vibanda. Nilijua ninafanya nini, sitasema shetani alinipitia. Nilijiambia huku ni mbali, nani atajua, nani kule Kilolo atafika chumba hiki? Profesa alisoma, akaniita. Alikuwa na penseli yake nyekundu. Akafuta sehemu yote ya shangazi mgonjwa, safari za kila mwaka, njegere. "Hii inakipoza kisa," akasema. "Mama aliyemtupa mtoto wake, basi. Hapo ndipo msomaji anashikwa." Nikabisha kidogo. Kidogo tu. Kisha nikaandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mama yangu alimtupa mtoto wake wa kwanza akaenda kuolewa.

Kikapata alama za juu kuliko vyote. Kikachapwa katika gazeti la wanafunzi, na picha yangu juu yake, nimevaa suti ile ile. Nami kwa furaha nikalikunja gazeti, nikalitia kwenye bahasha, nikaandika kijikaratasi kwa yule anayewasomea barua hapo Kilolo: "Mwalimu Tobia, mwonyeshe mama picha yangu." Loo, mimi huyu! Mimi niliyekaa kwenye nyasi nje ya kanisa letu nikiwa mtoto, nikisikiliza barua za askari waliokuwa vitani Bama zikisomwa neno kwa neno baada ya ibada, hata yale ya mtu na mkewe! Kilolo barua haisomwi na mtu mmoja. Mtoto aliyeagwa na wote, barua yake ni ya wote. Nilikuwa nimekaa miaka miwili mahali ambapo kila mtu anafungua bahasha yake chumbani kwake na mlango umefungwa, nikasahau kwetu. Nikasahau pia kwamba Mwalimu Tobia anajua Kiingereza, na anapenda sana watu wajue kwamba anajua.

Mwalimu ndiye aliyenieleza, niliporudi, machozi yakimtoka mzee wa watu. Jumapili ile watu walikuwa wengi. Ulikaa mbele, umevaa khanga mpya. Alipolifunua gazeti na picha ikaonekana, wanawake walipiga vigelegele, ukafunika uso kwa haya. Akaanza kutafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sauti kubwa. "Nilikuwa naangalia Kiingereza tu, Zakaria," aliniambia. "Nilikuwa naogopa kukosea. Nilipokuja kusikia ninachokisema, nilikuwa nimekwisha kukisema." Akaacha kusoma katikati ya sentensi. Bibi ndiye aliyesema, "Endelea, Mwalimu. Tusikie."

Hakuendelea. Wewe ulisimama. Ulisema, "Ni kweli ninaye mtoto. Anaitwa Sekela." Ukaondoka, watu wakakupisha.

Hakuna aliyekutukana, aliniambia Mwalimu. Afadhali wangekutukana. Wenzako wakaacha kukuita kwenye zamu za kulima. Ukisema "kamwene" njiani, wanakuitikia huku wameangalia pembeni. Halafu wazee wakakaa, na baba mkubwa akasema ndugu yake alioa kwa kudanganywa, kwa hiyo nyumba ile haina mama. Uliondoka asubuhi na mzigo kichwani, ukapanda lori la mbao mpaka Iringa, na kutoka Iringa ukarudi Mbeya, kwa mtoto ambaye mimi niliandika kwamba ulimtupa.

Na mimi huko? Mimi nilikuwa nalalamika, mama. Barua zangu hazijibiwi! Mwalimu aliandika mara moja tu, mistari miwili, mama hajambo, soma kwa bidii. Nikakasirika. Nikakuandikia barua ya kukugombeza, kwamba wenzangu wanaandikiwa na mama zao kila mwezi na mimi nimesahauliwa kama sina kwetu. Barua ile Mwalimu anayo hadi leo, hakuifungua. Ninaona aibu kwa ajili yake kuliko hata kwa ajili ya gazeti.

Nilirudi na digrii yangu. Dar es Salaam walikuwa wananingoja kwenye redio. Nikaomba ruhusa kwanza niende kwetu. Kilolo nilimkuta mtu mwingine akipalilia shamba lako. Nikamsikiliza Mwalimu mpaka mwisho, nikapanda basi la Mbeya siku iliyofuata, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukuomba msamaha. Nilihesabu safari ni siku moja na nusu, nikifika maneno yatakuwa yamekaa sawa. Nilitaka kupiga magoti sokoni pale pale, watu waone.

Sekela alikuwa mahali pale pale na viazi vyake. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefika."

"Mama yuko wapi?"

"Twende nyumbani kwanza. Ule."

Nikajua. Mimi niliyefundishwa miaka minne kwamba jambo kubwa hutangulia kusemwa, nilielewa palepale kwa sababu lilikuwa halisemwi. Alinipikia ugali na maharage, akakaa mbele yangu mpaka nikala tonge tatu nne, hazishuki. Ndipo akanawa mikono akaniambia kichomi kilikuchukua kwenye mvua za mwaka uliopita, kwa siku sita tu, na kaburi lako liko nyuma, karibu na la mama yako.

Nililia kama mtoto, mama. Nililia nikitaja yale maneno yangu niliyoyapanga ndani ya basi, na hayakuwa na wa kuambiwa.

Nilipotulia nikamwuliza dada ulisema nini juu yangu. Alisema, "Alikuwa anauliza tu kama umemaliza shule. Siku moja nilikutukana, akanikataza. Akasema, huyo mtoto anajua kusema, kunyamaza bado hajajifunza, ila msimwandikie haya, ataacha masomo." Kisha Sekela akanigeukia, na hapo ndipo nilipoona alivyo na hasira kama zako. "Lakini mimi hakunikataza kukuuliza. Nani alikwambia nilitupwa?"

"Dada, ni profesa..."

"Huyo profesa alimjua mama? Mimi nilikaa barabarani kila mwaka njegere zikivunwa, na hakukosa hata mwaka mmoja. Mwaka mmoja alikuja na mimba yako, miguu imevimba, kwa lori. Ulijua hayo, hukujua?"

"Nilijua."

"Basi ungeandika."

Kusema siri yako lilikuwa kosa, lakini kuna watu wanasema siri za wenzao kila siku na dunia inaendelea. Lililo baya zaidi ni kwamba nilichukua kweli yako nikaikata katikati, nikawapa watu ile nusu inayokuaibisha, kwa sababu nusu hiyo ilisomeka vizuri. Watu wa Kilolo walikufukuza kwa nusu hiyo. Nimekukosea, mama. Nimekukosea, na hukunipa nafasi ya kukwambia, na haki ulikuwa nayo.

Sekela ndiye aliyesema niandike upya. "Si wewe umesomea? Kila sikio lililosikia lile lisikie na hili." Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, bahasha bila gundi. Mwalimu Tobia amekubali kuisoma Jumapili baada ya ibada, pale pale nje. Bibi yupo bado, baba mkubwa yupo, watakuwepo. Basi na wasikie: mama yangu alizaa watoto wawili na hakumtupa hata mmoja. Alisafiri siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, kila mwaka, miaka ishirini, akibeba gunia na uongo mmoja, ili mtoto wake ajue kwamba ana mama. Aliyemtupa mtu ni mimi.

Dada alitoa sharti moja, nimsomee yeye kwanza kabla barua haijatoka Mbeya. Nimemsomea leo mchana jikoni kwake, yeye akimenya viazi. Alinikatiza mara moja tu. Nilikuwa nimefika kwenye jambo uliloniambia tuliporudi kutoka Mbeya, mimi na wewe peke yetu kwenye kiti cha nyuma. Sekela akaweka kisu chini. "Hilo ni la mama," akasema. "Futa."

Zamani ningebisha, ningemwambia barua nzima inasimama juu ya hilo. Nimelifuta, mama. Nimeinakili barua upya tangu mwanzo, ili hata mahali lilipokuwa pasionekane.

Lala salama, mama yangu.

Mwanao wa pili,
Zakaria