Damar kajifungia na rangi ya sakafu

Yanti, usicheke kwanza, soma.

Damar wangu kajifungia ndani ya lile gari kuukuu la babake. Kang'oa mazulia, anapaka sakafu ile rangi nzito ya lami ya kuzuia kutu na kelele. Vioo vyote kapandisha. Ati upepo usimwingie mwilini akaugua.

Naenda kumgongea, mwanangu anaucheka usukani. Usukani, Yanti.

"Mama, shikamoo. Mbona leo mko wawili?"

Nikamburuta mpaka kwenye nyasi, akatapika, ndipo akaniona mmoja.

Mama mkwe huyo na sarafu yake, amkwangue mgongo kuutoa upepo. "Kaingiwa na upepo huyu."

"Mama, upepo ndio alioukosa."

Mumeo si naye kanunua kopo la rangi kama hiyo? Acha kusoma, kamfungulie milango ya gari.