Tumbaku kwenye Jibini

Matogoro, Songea

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia. Nyie huko Mbesa hamjambo? Mama je, ameshaanza kile kizunguzungu chake cha msimu wa tumbaku? Hilo unijibu kwanza. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Hapa kiwandani jibini hukaa rafuni miezi mitatu mpaka iive. Juzijuzi ikaingiwa na vidudu vyeupe, vidogo kama unga. Tukaisugua kwa chumvi, tukaifuta kwa siki, wapi. Mimi na ujuaji wangu nikakumbuka unavyotandika majani ya tumbaku kwenye maharage yasibunguliwe. Nikachukua lile fungu la tumbaku ulilonipa la kuwekea maharage, nikaloweka majani, nikayaviringisha kwenye jibini nne, nikazificha nyuma ya rafu. Bosi wetu, Mama Haule, sikumwambia. Nilitaka nimshangaze.

Vidudu viliisha kweli, Baba. Baada ya wiki tatu nikafungua moja, inanukia vizuri. Oliva, mwenzangu ninayepanga naye chumba, akakata kipande na ganda lake.

“Kachungu, ila katamu,” akasema, akaongeza cha pili.

Haikupita nusu saa akakaa chini. Jasho la baridi likamtoka, akatapika, mikono ikamtetemeka. Mama Haule akadhani ni maziwa yameharibika, akaita bajaji tumpeleke hospitali. Ndani ya bajaji nilimshikilia Oliva nimenyamaza kimya, naogopa kufukuzwa kazi. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Hospitali daktari akauliza, “Kala nini huyu?”

“Jibini tu,” akajibu Mama Haule.

Oliva alikuwa haitiki tena akiitwa. Hapo ndipo nikasema, “Ilifungwa kwa majani ya tumbaku. Nimeifunga mimi.”

Walimhangaikia mpaka jioni. Alipotulia, daktari akanigeukia. “Majani hayo uliyashika yameloa, mikono mitupu?” Nikakubali, na nikakumbuka kwamba siku ile niliyoyaloweka nilitapika nikadhani ni malaria. Akasema sumu ya tumbaku hupita hata kwenye ngozi, hasa jani likiwa bichi na lina umande, na wachumaji wengi wanaumwa bila kujua.

Baba, nilikaa kwenye benchi nikalia. Kila msimu Mama anarudi shambani nguo zimelowa, analala na ndoo pembeni. Mimi nilisema ni presha. Bibi akasema mashetani. Wewe ulisema anajidekeza.

Oliva ametoka hospitali, anatembea, na ananitania kwamba nipike mimi mwezi mzima. Jibini zote nne tumezifukia. Mama Haule ananioshesha ndoo huku akifikiria kama nibaki.

Nakuomba Mama asiingie shambani kabla umande haujakauka, na afunike mikono. Maharage yale yaliyokaa na tumbaku msiyapike. Nisalimie Bibi, na mdogo wangu Sharifa anayemsaidia Mama kuchuma, naye mkataze.

Kama Mama amelala na ndoo sasa hivi, weka barua hii chini umpeleke hospitali. Mimi nilinyamaza njia nzima kwenye ile bajaji. Wewe usingoje kama mimi.

Mwanao anayekupenda,
Zuhura