Mbegu kwenye Mkia wa Ng'ombe Wetu

Jumanne, Oktoba

Hizo mbegu hazikuletwa na upepo. Jioni nikikamua nilizikuta zimenasa kwenye mkia wa ng'ombe wetu. Ni za zile nyasi tulizopanda na klabu ya shule kule ranchi ya zamani, palipokuwa pamebaki vumbi tupu. Kwingine huku hazioti. Na mifugo imekatazwa kuingia mpaka zishike mizizi.

Baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya kijiji inayolinda nyasi hizo. Juzi tu alimtoza jirani yetu mama Semeni faini ya mbuzi, eti ndama wake aliingia mle.

"Baba, jana ng'ombe walilishwa wapi?"

Akacheka. "Maziwa yameongezeka, na bado unalalamika?" Halafu akaongea Kihehe, kama kawaida yake akitaka ninyamaze.

Kweli yameongezeka. Kwa jirani yamekauka.

Mlinzi wa ranchi alipopiga hodi, nilizing'oa mbegu zote haraka nikaziweka mfukoni. Niliona aibu, lakini ni baba yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti mpole."

Kumbe nilijisumbua. Alikuja na chupa tupu, na baba akaijaza maziwa bila hata kuombwa.