Amin ya Tatu

Dada Zena mpenzi,

Nakusalimu ingawa najua hutajibu, na huko kutojibu kwako ndiko kulikonikalisha niandike. Nina ugomvi na wewe, dada. Nimeubeba tangu Rehema wako akiwa kichanga, na sasa yuko darasa la saba na maswali hayamwishi. Kabla hujaniona sina adabu, ngoja nikukumbushe tulikotoka.

Unaukumbuka ua wetu pale Tunduma, nyuma ya duka la baba? Malori ya Zambia yananguruma barabarani, wewe unapepeta mchele, mimi nimekaa mkekani na kitabu cha shule. Darasa la nne lilikuwa limekutema, wala si kwa ujinga. Nafasi zilikuwa chache na waliopita walikuwa wa kuhesabu. Baba aliumia kuliko wewe. Kisha akatuwekea utaratibu aliotoka nao kwao Ujiji, kwamba asiyesoma amwitikie anayesoma. "Dua ya elimu haiendi kwa mguu mmoja," alisema. Basi kila baada ya alasiri, kabla sijafungua kitabu, mimi niliomba na wewe uliitikia.

Allahumma infa'ni bima allamtani. Ewe Mola, ninufaishe kwa ulichonifundisha. Amin, unasema, ungo mkononi. Wa allimni ma yanfa'uni. Na unifundishe kitakachoninufaisha. Amin. Wa zidni ilma. Na unizidishie elimu. Hiyo amin ya tatu uliivuta mpaka kina mama wa Kinamwanga waliokuja kununua chumvi wakacheka. Nilipokukasirikia ulisema, "Wewe omba tu, mdogo wangu. Kazi yangu ndogo, lakini mshahara tutagawana."

Na kweli ulimaanisha. Niliporudi kutoka chuo cha ukunga nimevaa sare nyeupe, ulinivua kofia yangu ukaivaa wewe, ukazunguka nayo duka zima ukiwauliza wateja wanaumwa wapi. Baba alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilinuna nikidhani unanikejeli, kumbe ulikuwa unafurahia chako.

Serikali ikanipeleka Igamba, kwenye zahanati ambayo wanakijiji waliifyatulia matofali wenyewe. Walikuwa Wanyiha, wakulima wa kahawa, Wakristo karibu wote, na walinipokea vizuri. Mhudumu wangu, Mama Neema, alinipa chumba nyumbani kwake. Nilikuwa na vitanda, mikasi, sufuria ya kuchemshia vyombo na kitabu changu cha ukunga. Damu ya kumwongezea mtu hatukuwa nayo, wala gari.

Hayo uliyajua, dada. Nilikwambia kwa mdomo wangu, siku zikikaribia nenda hospitali kubwa. Mumeo naye akakwambia. Uchungu ulipoanza ukapanda lori lililokuwa linafuata kahawa, ukaipita hospitali hiyo mlango wake uko wazi, ukashuka kwangu Igamba mvua inanyesha, umeshika kiuno na unacheka. Nilikufokea mbele za watu. Ukanijibu, "Nimeitikia miaka yote hiyo, halafu nikazalishwe na mgeni? Elimu hiyo nami nina fungu langu. Leo nimekuja kulichukua."

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Tuliomba elimu yenye manufaa, dada, hatukuomba chupa ya damu. Wewe ukavichanganya. Ukaona kwa kuwa dua imeitikiwa, basi mikono ya mdogo wako haiwezi kushindwa. Nani alikufundisha hivyo? Si baba, wala si mwalimu wetu wa Kurani chuoni.

Rehema alitoka kimya, amelegea, hapumui. Nilimsafisha pua na mdomo, nikampulizia pumzi kidogo kidogo kama tulivyofundishwa, nikamsugua mgongo, akalia. Ukasema, "Umeona?" Kisha damu ikaanza na haikusimama. Nilikanda tumbo, nikakuchoma sindano niliyokuwa nayo, nikafanya yote ya kitabuni mpaka kitabu kikaniishia. Mume wa Mama Neema alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda barabara kuu kutafuta gari, na njia yote ilikuwa tope. Ukanishika mkono. "Omba ile yetu," ukasema, "nikuitikie."

Nikaomba huku mikono iko kazini. Ya kwanza ukaitikia. Ya pili niliiona midomoni tu. Ya tatu niliisema, nikasubiri, nikairudia tena. Mama Neema ndiye aliyenigusa bega. "Sista, aliyekwenda ameshakwenda," akasema. "Mshike aliyekuja."

Tangu siku hiyo sijaikamilisha. Nimezalisha wanawake wa Igamba, wa Chitete, hata mmoja aliyetoka Saza, na kila nikifungua kitabu au nikinawa mikono naomba mbili za kwanza, nanyamaza. Nikithubutu ya tatu nasikia kimya chako. Si kimya cha mtu asiyekuwepo, ni cha mtu aliyevuta pumzi anataka kusema. Nimekisikia wodini, nimekisikia jikoni. Ramadhani moja nilikisikia katikati ya sala, nikageuka kutazama nyuma, sala yangu ikaharibika. Nakupenda, dada, na nakuogopa.

Sasa huyu Rehema. Juzi alikuja na madaftari yake akataka dua ya kusomea, maana mtihani umewadia. Nikamfundisha mbili. Akanitazama. "Mama mdogo, hiyo haijaisha. Chuoni tunasema tatu." Nikamwambia hizo zinatosha. Ana kichwa kigumu kama chako, hakukubali. Basi nikamkalisha nikamweleza yote aliyokuwa akiyajua nusu nusu: lori, mvua, mkono wako, sauti yako ilivyokatika. Nikamwambia elimu yangu haikuwa na manufaa, kwa sababu aliyeniitikia ndiye iliyoshindwa kumfaa.

Alilia sana. Kisha akafuta uso kwa ushungi, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekereka kabisa, "Si umesema mimi nilitoka sipumui? Sasa mbona nipo?"

Miaka yote hii nimekuwa nikikutazama wewe uliyelala pale kitandani, na yeye nikimwogesha, nikimlisha, nikimsuka nywele, wala sikuwahi kumwona. Nimeona aibu mbele ya mtoto.

Mtihani ni kesho. Amesema hatoki nyumbani mpaka niombe zote tatu, naye ndiye ataitikia. Nimemkubalia. Najua utakuja, kwani hujawahi kukosa. Njoo, simama hapo unaposimamaga. Lakini nikifika ya tatu, nakuomba kwa haki ya baba yetu, usivute pumzi. Mwachie mwanao aseme.

Lala salama, dada. Mola akupe kauli thabiti.

Mdogo wako,
mama mdogo wa Rehema