Kiota cha Matairi

Jumatatu, 1 Septemba

Vitumbua vimeisha mapema. Shukuru kalala asubuhi nzima ndani ya tairi lake, mimi nageuza, nauza, namchungulia. Joto limeshaanza.

Leo kiota, kona ya watoto wetu hapa sokoni, kimepata bembea. Kiti cha plastiki kilichovunjika miguu, tumekitoboa pembeni, tumekining'iniza kwa kamba. Mama Zawadi ndiye kakiokota jalalani akienda kupokea dagaa zake za kuuza, za kutoka Kapalamsenga ziwani. Kanitania: "Mama Shukuru, wewe ukiachiwa jalala mwaka mmoja utatujengea bandari hapa Mpanda." Nimecheka mpaka nimeunguza vitumbua viwili.

Jumatano, 3 Septemba

Spesioza, mwenzetu wa sokoni, kaleta pumba mpya kutoka mashine ya mpunga. Tumezijaza kwenye salfeti, viroba vitupu vya mbolea, tumeshona midomo kwa uzi wa nyavu. Magodoro hayo. Kila tairi la lori lina godoro lake, kila godoro lina mtoto. Juu tumetandaza salfeti nyingine tulizoziunga, na chandarua kuukuu kwa ajili ya nzi. Watu wa sokoni wanapaita kiota.

Nakumbuka kona hii ilivyokuwa. Ukuta wa ghala bovu, wanaume wanakuja kukojoa. Shukuru alipoanza kutambaa, alikuwa anakimbilia jiko langu. Nikamfunga kwa khanga kwenye mguu wa meza, kama mbuzi. Wateja wanamwangalia, mimi naangalia chini. Siku hiyo ndiyo niliyoenda kwa fundi pancha kuomba tairi. Alidhani natania.

Baba Shukuru yuko machimboni. Akipata simu anauliza mtoto anakaa wapi nikiwa na mafuta ya moto. Namwambia, yuko salama. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwenyekiti wa mtaa kapita. Kasema Alhamisi anakuja mgeni mkubwa, mtu wa kampuni inayotaka kusaidia soko. Kasema kiota tukipendezeshe, mgeni ataoneshwa.

Sikujua kama anapaona. Miezi yote hii anapita na pikipiki, hasalimii.

Jumatatu, 8 Septemba

Mikono inanuka rangi. Fundi wa mageti katupa mabaki, kijani na bluu. Matairi yamependeza. Ukutani tumegongomea visoda vya chupa, tumetengeneza kuku na samaki. Mama Zawadi kasimamia samaki mwenyewe, anasema ni mgebuka na mkia wake tumeukosea. Tumeurudia. Spesioza kasema kuku wake hajalalamika.

Nimefurahi kijinga. Nawaza labda watatuwekea bati. Mvua zikija salfeti hazitatosha. Bati moja tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Mgeni kaja. Suti, viatu vinang'aa, watu wa kamera. Kainama mpaka kwenye matairi, kamshika Shukuru shavu. Kasifu sana. Akauliza, "Hiki ni cha nani?"

Wenzangu wakanisukuma mbele. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Si changu, baba. Ni cha wote. Ni chenu nyie."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akatabasamu.

Ndivyo nilivyolelewa kijijini Litapunga. Mgeni akisifu kuku wako unamwambia ni wako huyo. Naye anashukuru, anakula alichoandaliwa, anaondoka, kuku anabaki uani. Mgeni mwenye adabu habebi. Kila mtu anajua. Ningesema ni changu mbele ya watu wote wale, Mayo, mama yangu, angesikia angeona haya.

Ijumaa, 12 Septemba

Spesioza kaninunia tangu asubuhi. Mwishowe kasema. Hata kwao, wazee waliotoka Burundi, mgeni wanamjibu hivyohivyo. Ila si mgeni aliyekuja na watu wa kuandika. "Sisi tumekua tunaulizwa hapa mlipo ni pa nani. Mtu akikuuliza hivyo, dada yangu, sema pako. Adabu utaileta baadaye, na chai."

Nimemwambia ana roho mbaya. Sasa hivi najuta. Kesho nitampelekea vitumbua vya moto.

Jumanne, 16 Septemba

Nashindwa pa kuanzia.

Mwenyekiti kaja na vijana, futi ya kupimia na toroli. Kasema pale panajengwa bustani ya kisasa ya watoto, mgeni kakubali kutoa. Eneo linafungwa kuanzia leo. Meza zetu zihamie upande wa barabara. Mama Zawadi kauliza watoto wetu watakaa wapi mpaka iishe. Kasema subirini, maendeleo hayana haraka.

Nikamfuata. Nikamwambia kile ni chetu, tumekitengeneza kwa mikono yetu. Hakugomba hata. Kaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mama, si wewe mwenyewe uliyesema ni chetu? Mgeni kasikia, soko zima limesikia. Na sisi tumeshapokea."

Maneno yalikuwa yangu kweli.

Salfeti wamezichoma palepale, na magodoro. Pumba zinaungua polepole, moshi umekaa mpaka jioni. Matairi yamekwenda na toroli, sijui wapi. Samaki na kuku wa visoda wamewaacha ukutani. Wanafaa kwenye picha.

Spesioza kakusanya vyake, kahamisha meza. Angenitukana ningepumua.

Namchukia yule baba wa suti. Najichukia na mimi, goti langu lile.

Alhamisi, 18 Septemba

Barabarani hapakai. Vumbi linaingia kwenye unga, pikipiki zinapita karibu na meza. Nimemfunga Shukuru kwa khanga tena. Sasa ana nguvu, analia, anavuta meza. Nimembeba mgongoni, mafuta yakaruka karibu na mguu wake. Nimemfunga tena.

Biashara mbaya. Jicho moja kwenye jiko, jingine kwa mtoto, mikono haijui imfuate nani.

Jumamosi, 20 Septemba

Kaungua.

Khanga ililegea. Nilikuwa nampa mtu chenji. Kaweka kiganja kwenye chuma cha vitumbua. Sauti ile sitaisahau. Fundi pancha ndiye aliyemnyanyua akamtumbukiza mkono kwenye beseni lake la maji, lile la kutafutia matundu ya tairi. Mimi nilisimama tu, mwiko mkononi.

Hospitali wamesema tumewahi, vidole vitakunjuka vizuri. Nesi kaniuliza mtoto alikuwa wapi. Nikamwambia alikuwa kwangu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimempeleka Litapunga kwa Mayo. Nimewaza usiku kucha, sikuona njia nyingine. Nisipouza hatuli. Nikiuza naye, ataungua tena.

Bado ananyonya. Mayo kasema atazoea uji, hata mimi niliachishwa nikiwa mdogo kuliko yeye. Nikamsimulia yote, mgeni, makofi, mwenyekiti. Kasikiliza akichambua maharage. Halafu kasema, "Ulijibu vizuri, mwanangu. Adabu haikukosea. Mgeni ndiye aliyekosea."

Kasema kwa upendo. Mimi nikaona hasira, hasira ya kweli, kwa mama yangu mzazi. Kwa nini hakunifundisha na jinsi ya kuwajibu wageni wa namna ile? Nikamsaidia maharage.

Nimeondoka Shukuru akifukuza kifaranga, mkono mmoja mweupe kwa bandeji. Hakugeuka. Afadhali. Na imeniuma kwamba hakugeuka.

Jumanne, 23 Septemba

Kona imezungushiwa mabati mapya. Mlango una kufuli, ufunguo anao mwenyekiti. Ndani hamna kitu bado.

Spesioza kanionesha nafasi nyuma ya mashine ya kusaga, labda pa kiota kingine. Kivuli kipo mpaka mchana. Mwenye mashine hajakubali, hajakataa. Tumesimama pale tukipima kwa macho, yeye kule, mimi huku.

Wateja walikuwa wengi. Mikono yote miwili ilikuwa huru, nimeuza kuliko siku zote. Saa nne nikahisi baridi kifuani. Nikaangalia, blauzi imelowa maziwa pande zote mbili. Ndiyo saa yake ya kunyonya. Mama Zawadi kanitupia khanga yake. Nikainama nyuma ya meza, nikakamulia kwenye kikombe, nikamwaga mchangani. Kisha nikarudi kugeuza, vilikuwa vinakaribia kuungua.